Joseph Rowntree na swali la sufuria ya supu

Wanafunzi wetu wa ustawi wa jamii huwa nawaanzishia na mtu mmoja wa mji wa York, Uingereza: Joseph Rowntree, mwenye kiwanda cha kakao, aliyezaliwa 1836 na kufariki 1925. Matajiri waliotoa sadaka zama za Malkia Victoria walikuwa wengi. Huyu namchagua kwa sababu alitaka kujua foleni ya wenye njaa inaanzia wapi.

Alikulia kwenye duka la vyakula la baba yake. Familia ilikuwa ya madhehebu ya Kikristo ya Marafiki (Quakers), ambayo leo yana waumini wengi Kaimosi na Vihiga, Kenya. Mwaka 1850, akiwa na miaka 14, baba yake alimpeleka Ireland akaione kwa macho yake njaa kuu iliyoletwa na ugonjwa wa viazi. Mwaka 1869 alijiunga na mdogo wake Henry, ambaye kiwanda chake kidogo cha kakao kilikuwa kinayumba. Henry alipofariki 1883, mzigo wote ukamwangukia yeye, na biashara ikakua hadi kuajiri maelfu ya watu.

Mwaka 1904 alitenga karibu nusu ya mali yake, akaweka wakfu tatu. Kwenye hati aliyowaachia wasimamizi aliandika jambo ambalo hadi leo linanigusa: jiko la supu la York, linalowapa maskini chakula, halikosi wafadhili, lakini anayetaka kuchunguza ukubwa wa umaskini na chanzo chake hapati wa kumuunga mkono. Mwenye njaa ale leo, hilo halina mjadala. Ila kesho atarudi na bakuli lile lile, na pengine na mwanawe.

Mwanawe mwenyewe, Seebohm, alikwisha kulifanyia kazi swali hilo. Mwaka 1899 watu wake walipiga hodi mlango kwa mlango York, wakazifikia familia 11,560. Wakati huo wengi waliamini kuwa maskini ni mvivu au mlevi. Takwimu zikakataa: kati ya waliokuwa katika ufukara wa chini kabisa, zaidi ya nusu walikuwa humo ingawa mwenye kulisha nyumba alikuwa na kazi ya kudumu. Mshahara ndio haukutosha.

Kijiji cha New Earswick, karibu na York, ambacho Joseph alianza kukijenga 1902, kilitokana na fikra hizo. Kila nyumba ilikuwa na bustani ya kulima mboga na miti miwili ya matunda. Hakikuwa cha wafanyakazi wake peke yao, na wapangaji walilipa kodi, maana hakutaka waishi kwa kuhurumiwa.

Lakini sehemu ya kakao yake ilitoka São Tomé na Príncipe, visiwa vya Wareno ambako watu waliochukuliwa Angola walifanyishwa kazi kama watumwa. Habari hizo zilikuwa zimewafikia watengenezaji wa Uingereza miaka kadhaa kabla ya Rowntree, pamoja na Cadbury na Fry, kuacha kununua mwaka 1909.