Resiva haijafa, imenuniana na tv

Resiva ninayoisema hapa ni ile mashine ya sauti ya nyumbani, inayokaa kati ya tv, deki na spika. Simu ninazopigiwa zinafanana sana. "Fundi, resiva imekufa tangu jana nilivyoiapdeti." Mi naulizaga kitu kimoja kwanza, taa ya mbele inawaka? Inawaka. Haya weka redio, inapiga? Ngoja nijaribu... inapiga. Sasa maiti gani inapiga redio jamani. Resiva ikipiga redio yake ya ndani au bluetooth vizuri, jua amplifaya iko poa, spika ziko poa, waya za spika ziko poa, kilichogoma ni upande wa HDMI tu, yaani ule waya mmoja unaobeba picha na sauti, na huko HDMI ndiko kesi karibu zote za "apdeti imeniharibia" ninakozikutaga.

Kinachoapdetiwa ni famwea, na kwa ambaye neno linampiga chenga, ni ile programu inayokaa ndani ya mashine yenyewe na kuiendesha. Zamani resiva ilikuwa amplifaya yenye matundu mengi nyuma, unabonyeza kitufe, relei, swichi ya ndani, inalia tak, sauti inahama toka deki kwenda redio, basi. Siku hizi ni kompyuta kamili, ina mtandao, ina apu yake kwenye simu, inafungua sauti za filamu za Dolby na DTS, inapima chumba kwa maiki, na juu ya hayo yote inasuluhisha kati ya tv na kila kidude ulichochomeka. Hiyo kazi ya mwisho ndo inaitoa jasho.

Ukiwasha deki kuna maongezi yanapita kwenye waya kabla hujaona picha hata moja. Tv inajitambulisha kwa umeme mdogo kwenye pini namba 19, yaani nipo. Deki inauliza, una uwezo gani? Jibu linarudi kwenye kafaili kadogo kanaitwa EDID, baiti 128 za msingi na mara nyingi zingine 128 za nyongeza, humo mna saizi za picha ambazo tv inazikubali, rangi, HDR (ile picha yenye mwanga na rangi zilizokolea zaidi), na aina za sauti. Sasa resiva imekaa katikati, inachukua kale kafaili ka tv, inaondoa sehemu ya sauti inaweka ya kwake, ndo inampa deki. Dalali kabisa. Na dalali akikosea neno moja tu, deki inaamini tv haina HDR, au inaamini nyumba nzima ina spika mbili, na wewe umekaa kwenye kochi unashangaa spika za nyuma zimenyamaza.

Bado kuna funguo. HDCP ndo kinga ya kuzuia watu wasinakili filamu, deki inaihoji resiva kwanza, resiva nayo inaihoji tv, na yote hayo yana muda wake, ukizidi deki inakata. Hapo ndo unaona chenga, au skrini nyeusi yenye sauti, au picha inakuja inakaa kidogo inapotea inarudi. Toleo la 2.2 la hiyo kinga lilitoka 2013 na ndo linalodaiwa na filamu za 4K, zile za picha kali zaidi. Resiva ya kabla ya hapo kwa kawaida haina chipu yake, kwa hiyo hata uiapdeti mara mia haitakupitishia hiyo filamu, peleka picha moja kwa moja kwenye tv halafu sauti irudi kwenye resiva kwa ARC, njia ya kurudisha sauti kupitia HDMI ambayo nitaieleza mbele, au kwa ile waya ya mwanga. Nimeona watu wanauza resiva nzima yenye sauti nzuri kwa sababu hii tu. Inauma.

Kuna mzee mmoja alinipigia kwa hasira. Resiva yake aliiapdeti Ijumaa, Jumapili asubuhi sauti ya tv haitoki kwenye spika tena, kwa hiyo mkosaji anajulikana. Nikamuuliza, mzee wangu, Jumamosi ulisikiliza? Akasita. Jumamosi alisikiliza, tena alisema mpaka taarifa ya habari aliisikia vizuri. Nikajua kuna mtu mwingine kwenye hii kesi. Nilipofika sikuigusa resiva kabisa, nikachukua rimoti ya tv, nikaingia kwenye setingi, kuhusu kifaa hiki, toleo la programu, tarehe ni ya usiku wa kuamkia Jumapili. Tv imejiapdeti yenyewe watu wamelala. Na katika kujiapdeti ikazima CEC.

CEC ni ule waya mwembamba wa porojo ndani ya HDMI, pini namba 13, ndo unaofanya rimoti ya tv ipandishe sauti ya resiva. Kila kampuni imeupa jina lake la biashara, Anynet+, Simplink, Bravia Sync, ndo maana watu wanautafuta kwenye menyu hawauoni. Sasa ARC, ile njia ya kurudisha sauti toka tv kwenda resiva iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, inaitegemea hiyo CEC ili ifunguke. Zima CEC, ARC nayo inalala, na hakuna ujumbe wowote unaokuja kukwambia. Nikawasha, nikasubiri kidogo, relei ya resiva ikalia tak, sauti ikarudi. Mzee akaniangalia kama nimemdanganya kitu. eARC, mdogo wake ARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017 ina njia yake ya kutambuana isiyoitegemea CEC hivyo, ndo sababu mojawapo haisumbui sana, ingawa sijasema haisumbui kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza sio "resiva iliapdetiwa lini", ni "kati ya vitu vyote vilivyochomekwa hapa, nani kabadilika". Tv inajiapdeti, king'amuzi kinajiapdeti, konsoli ya gemu inajiapdeti, na kila mmoja akirudi ana tabia mpya, resiva ndo wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kulaumiwa.

Lakini nisije nikaonekana wakili wa resiva. Zipo zinazouawa na apdeti kweli, na nyingi zinauliwa na mkono wa mwenyewe. Kijana mmoja alileta yake mezani kwangu imefungwa kwenye shuka, aliiapdeti kwa wifi, asilimia zikapanda vizuri mpaka 61, zikaganda. Dakika tano, kumi, ishirini. Ya ishirini na tano akachomoa. Nikamwambia braza, hiyo 61 haikuwa imeganda, au labda ilikuwa imeganda lakini hukuwa na namna ya kujua, maana resiva ina chipu kadhaa ndani, ya mtandao, ya sauti, ya HDMI, ya skrini ya mbele, na kila moja inaandikwa kivyake, kuna moja unakuta inachukua muda mrefu huku namba haisogei hata kidogo. Kwenye vitabu vya baadhi ya mashine wameandika kabisa subiri mpaka saa nzima. Ukichomoa wakati chipu imefutwa programu ya zamani na mpya haijaingia yote, inaamka haijui yenyewe ni nani.

Nilikaa na ile resiva jioni mbili. Flashi nikaifomati kwa mpangilio wa FAT32, faili nikalifungua kwenye zipu nikaliweka nje kabisa bila folda, nikashika vitufe viwili vya mbele huku nawasha kama inavyotakiwa kwa modeli ile, skrini ikaandika neno la apdeti... ikakaa hapohapo. Nikabadilisha flashi, maana kuna mashine zinachagua flashi kama mtoto anavyochagua chakula, zinakataa kubwa zinakubali ndogo ya zamani. Ikafika asilimia 8. Ikafa. Mwisho ilibadilishwa bodi ya dijitali yote, na spika zake zilikaa kimya zaidi ya mwezi zikisubiri bodi. Tangu hapo mtu akitaka niiapdeti resiva yake naweka UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, natumia waya wa mtandao au flashi sio wifi, na natoka chumbani kabisa ili nisijaribiwe.

Halafu kuna kundi la tatu, hili ndo linanichekesha, apdeti imeenda salama kabisa ila setingi zimerudi za kiwandani. "Fundi picha imepauka." Haijapauka, HDR imepotea, kwa sababu resiva nyingi zina setingi ya mawimbi ya HDMI yenye ngazi, ya kawaida na ile iliyoongezwa nguvu, na ikirudi kiwandani inakaa kwenye ya kawaida. Unairudisha juu, HDR inakuja, na saa hiyohiyo picha inaanza kukatika kila baada ya sekunde kadhaa. Mtu anasema unaona, apdeti mbovu! Kumbe sasa anapitisha 4K ya fremu 60 kwa sekunde yenye HDR, mzigo unaofika gigabiti 18 kwa sekunde, kwenye waya wa enzi za gigabiti 10.2 uliopita nyuma ya kabati na kukunjwa pembeni mara mbili. Waya mpya mfupi, kimya. Na tv nayo ina setingi kama hiyo kwa kila tundu la HDMI peke yake, ukihamisha waya tundu la pili umeanza upya.

Spika pia. Umbali, ngazi ya sauti ya kila moja, ile mpaka wa kukabidhi besi kwa sabufa, wengi tunaweka 80 Hz, na vile vipimo vya chumba vya maiki, vya programu kama Audyssey au Dirac au YPAO, vinaweza kufutika vyote. Watu wengi hawajui kwamba vimefutika, wanachojua ni kwamba "tangu apdeti sauti imekuwa nyembamba". Mi kabla sijagusa chochote napiga picha kwa simu kila ukurasa wa menyu, mmoja baada ya mwingine, kazi ya dakika kumi. Kuna modeli zinakubali kuhifadhi setingi kwenye flashi au kwenye kompyuta, lakini faili la setingi lililohifadhiwa na famwea ya zamani wakati mwingine linakataliwa na famwea mpya, picha ya simu haikataliwi na mtu.

Na kuna ugonjwa ambao famwea haiutibu. Mwaka 2020 resiva za kwanza zenye HDMI 2.1 zilitoka na chipu iliyokuwa na kasoro, ukipitisha 4K ya fremu 120 toka konsoli ya Xbox Series X au kadi za picha za kompyuta za Nvidia RTX 30 unapata skrini nyeusi, PlayStation 5 haikuathirika kwa sababu yenyewe inatuma mawimbi ya mzigo mdogo zaidi. Watu walisubiri apdeti, wakaapdeti, wakariseti, weusi palepale. Kasoro ilikuwa kwenye chipu yenyewe, ikabidi watengenezaji wengine watoe kikasha cha kuchomeka katikati na wengine wabadilishe bodi. Kwa hiyo ukiona tatizo liko vilevile kwenye matoleo matatu ya famwea acha kusubiri la nne.

Hapo ndo nina ugomvi wangu binafsi na maneno "itakuja kwa apdeti". Kuna wakati ahadi inatimia, Dolby Atmos, ile sauti inayokuja mpaka toka juu, ilipoingia majumbani 2014 kuna resiva ziliipokea kwa apdeti baada ya kununuliwa, na mshindani wake DTS:X vilevile, wenye subira waliipata 2016. Lakini mi nikishauri mtu anunue nini nahesabu kilichomo kwenye boksi leo, kilichoandikwa "hivi karibuni" nakihesabu sifuri.

Kuhusu kuapdeti au kutoapdeti mafundi tunabishana sana. Msimamo wangu, resiva inayofanya kazi vizuri na haijaunganishwa mtandaoni, iache. Iliyo mtandaoni nasoma maelezo ya toleo kwanza, yakitaja tatizo ulilonalo au kitu cha usalama naapdeti, yakisema tu "maboresho ya jumla" nangoja wiki kadhaa wenzangu wenye haraka watangulie. Ikishaapdetiwa nazima vyote vitatu, tv, resiva, deki, nachomoa kabisa ukutani sio stendibai, maana stendibai kumbukumbu za maongezi ya zamani bado zimo, nakaa dakika tano hivi, halafu nawasha tv kwanza, resiva, chanzo mwisho. Bado inagoma ndo nariseti. Sauti ikichelewa na midomo, hiyo ni setingi ya milisekunde kwenye menyu, usiriseti kwa ajili hiyo tafadhali.

Yule mzee wa CEC bado tunawasiliana. Juzi kapiga tena, sauti ya chini kabisa kama mtu anayejificha. "Fundi, tv imeniandikia kuna apdeti mpya, imeweka vitufe viwili, Sasa na Baadaye." Nikamwambia mzee wangu bonyeza Baadaye, halafu uizime hiyo ya kujiapdeti usiku, nitakuja Jumamosi tuiangalie. Kimya kidogo. "Nimeshabonyeza Sasa." Redio ya resiva inapiga? "Inapiga."