Mtoto wa kaimati na baiskeli ya Maulidi

Juma hili mama wa tatu kaingia chumba changu cha ushauri hapa Langoni, Lamu, na kabla hajakaa vizuri: "Mwalimu, mwanangu hana subira. Kazaliwa hivyo, kama babake." Nikamuuliza kajuaje. Kumbe kaona video kwenye simu, naye akamwekea mtoto wa miaka minne kaimati moja kwenye kisahani, kwa sharti kwamba akingoja robo saa atapata mbili. Mama hajafika jikoni, kaimati imeshakwenda na shira imemfika mtoto kidevuni.

"Subira mtu huzaliwa nayo." Hili ndilo linalonichosha. Jaribio lile la kitamu alilianzisha mwanasaikolojia Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, na watoto wenyewe walikuwa wa chekechea ya chuo hichohicho. Watu wakashika moja tu: anayengoja ndiye atakayefaulu maishani. Mwaka 2018 watafiti wengine walichunguza watoto zaidi ya 900 wa familia mbalimbali, na hali ya nyumbani ilipotiwa hesabuni, uhusiano huo ulipungua sana.

Ninalolipenda mimi ni jaribio la Chuo Kikuu cha Rochester, la mwaka 2013. Watoto 28 waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea. Nusu yao waliletewa. Nusu wakaambiwa samahani, havipo. Kisha ndipo wakawekewa kitamu cha kungojewa. Waliotimiziwa ahadi walingoja wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Na walionayo subira "ya kuzaliwa" walikuwa kundi gani hapo?

Nina nahodha mmoja wa njia ya Faza. Maji yakipwa pale kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, chombo hakipiti, naye hukaa akatafuna tambuu hadi yajae, saa nne, saa tano, bila kunung'unika. Mtu huyohuyo ujumbe wa pesa ukichelewa dakika mbili huigonga simu kwenye goti na kumtukana mpwawe. Maji hayajapata kumdanganya hata siku moja. Yeye mwenyewe hunitajia saa yatakayojaa kesho.

Basi nikamuuliza yule mama: mara ya mwisho ulimuahidi nini mwanao? Akatazama chini. Baiskeli. Tangu Maulidi. Na kila akiulizwa hujibu "kesho inshallah", kwa sauti ile ambayo sote twaijua maana yake ni hapana. (Neno la Mwenyezi Mungu tumelifanya pazia la kujifichia watoto. Nalisema hili kila siku na kila siku nachukiwa.) Mtoto aliyeila kaimati hakuwa mlafi. Alikuwa kapiga hesabu.

"Simu ndiyo iliyowaharibu." Simu ina lawama zake, sikatai. Lakini mzazi anayenambia hivyo huwa ameshaitazama yake mara nne tangu aketi.

"Subira ni kunyamaza." Mke anayepigwa na kuambiwa na wazee "subiri, mwanangu" hafundishwi subira, anaachwa peke yake. Kwangu hilo halina mjadala.

"Subira ni kukaza roho tu." Watoto wa Mischel waliofaulu wengi hawakukodoa macho kwenye kile kitamu. Waliyafunika macho, wakajiimbia, wakacheza na vidole. Kilipofunikwa, wakangoja zaidi. Kaimati ifunike kwa kawa, mama. Usimtie mtoto vitani kisha ukamlaumu kwa kushindwa.

"Siku 21 zatosha kujenga tabia." Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria wastani wa siku 66, na watu walitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254.

Nikamwambia yule mama aanze na ahadi ndogo zinazotimia siku ileile: ukisema mahamri baada ya Alasiri, yawe mahamri baada ya Alasiri. Na baiskeli aiseme wazi, kwamba pesa hazijapatikana. Akatikisa kichwa, akatia simu mkobani, akasimama. Mlangoni akageuka kuniuliza kama mtoto atakuwa ametulia kufikia Jumatano, maana ana safari ya Mombasa.