Posho haikatwi kodi? Posho ya nani?

Kila mwisho wa mwezi slipu za mshahara zikitoka, swali ni lile lile: "Mbona posho yangu ya nyumba imekatwa kodi? Posho si haikatwi?" Inakatwa. Ukiwa kampuni binafsi Tanzania Bara, posho ya nyumba, ya usafiri, ya simu na ya madaraka zote hujumlishwa na mshahara wa msingi, kisha PAYE, kodi ya mapato anayokata mwajiri kwenye mshahara, inafuata.

Uvumi huu haukuzuka hewani. Sheria ya Kodi ya Mapato imesamehe posho za nyumba, usafiri, madaraka, saa za ziada na mazingira magumu kwa watumishi wa Serikali, pamoja na wa taasisi ambazo bajeti yao yote au sehemu kubwa inatoka kwenye ruzuku ya Serikali. Kwa hiyo mwalimu wa sekondari ya kata akimwambia shemeji yake wa benki kwamba posho haina kodi, hasemi uongo. Anasoma slipu yake, si ya shemeji.

"Sehemu kubwa" ni kiasi gani, hapo hata sisi tunaoandaa mishahara tunakuna kichwa. Taasisi inalipiwa mishahara na Hazina, posho inajilipia kwa mapato ya ndani: uliza wawili, utapata majibu mawili. Omba TRA, Mamlaka ya Mapato, jibu la maandishi kabla ya kusamehe. Jibu la "ndivyo tulivyokuta" halimridhishi mkaguzi.

Nauli ya safari ya kikazi inayorejeshwa kwa risiti si mapato ya mfanyakazi. Lakini laki na nusu ya "mafuta" kila mwezi, bila risiti wala safari, ni mshahara uliovaa koti.

Sasa hesabu. Msingi 800,000, nyumba 150,000, usafiri 50,000: jumla 1,000,000. Toa NSSF (mchango wa hifadhi ya jamii) ya mfanyakazi, asilimia 10, yaani 100,000. Inayotozwa kodi ni 900,000. Daraja la 760,000 hadi 1,000,000 ni 68,000 ukiongeza asilimia 25 ya kinachozidi 760,000: 68,000 + 35,000 = 103,000.

Slipu ikisoma 128,000, kuna aliyesahau kutoa NSSF kwanza, umezidishiwa 25,000. Ikisoma 73,000, wametoa mkopo wa elimu ya juu wa HESLB (asilimia 15 ya msingi, 120,000) kabla ya kodi. Mkopo haupunguzi kodi! Hukatwa kwenye kilichobaki. Ikisoma 60,000, posho zimerukwa, na hata NSSF imepigwa kwenye msingi peke yake. Tarakimu hizi tatu zinakuonyesha kosa lilipo kabla hujafungua mfumo.

Kosa likionekana kabla ya kulipa TRA, piga hesabu upya, basi. PAYE inatakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, kwa hiyo nafasi ni finyu. Ikishalipwa ya ziada, mrudishie mfanyakazi kwenye mstari wake wenye jina, "marejesho ya PAYE, Machi", kisha rekebisha ritani (taarifa ya kodi inayopelekwa TRA) ya Machi yenyewe. Kupunguza kimyakimya kodi ya Aprili ndiko kunakoniudhi: miezi miwili inakuwa na hesabu zisizolingana na viwango, na mwaka ukipita hakuna anayekumbuka kwa nini.

Ikikatwa pungufu, anayedaiwa na TRA kwanza ni mwajiri. Analipa, halafu ana haki ya kumkata mfanyakazi kodi ile. Kodi tu, riba na faini ya kuchelewa ni zake. Slipu ya 60,000 badala ya 103,000 imepungua 43,000; miezi sita ni 258,000, na kumkata mtu zote kwa mkupuo ni kumwachia nauli. Andikianeni mgawanyo wa miezi kadhaa, nyote msaini.

Na ukiacha kazi katikati ya mwaka, usiondoke bila cheti cha kodi iliyozuiwa. Mwajiri ana siku 30 za kukupa. Linganisha jumla yake na slipu zako, mwezi kwa mwezi, wakati mtu wa mishahara bado anapokea simu yako.