Mkono uliolegea ghafla hauchuliwi: maswali na majibu kwa wenye shinikizo la damu

Shinikizo la juu la damu huharibuje mishipa?

Shinikizo huhesabiwa kuwa la juu linapofika 140/90 au zaidi katika vipimo vilivyorudiwa siku tofauti. Damu inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi, mwaka baada ya mwaka, huchubua utando wa ndani wa mishipa, na kuta zake hunenepa na kukakamaa. Mgonjwa hasikii chochote, kwa hiyo anayemeza dawa siku ya kuumwa kichwa tu anajidanganya.

Misuli inahusikaje na mishipa ya damu?

Msuli unaofanya kazi hudai damu zaidi, na damu hiyo inapopita kwa kasi, utando wa mshipa hutoa nitriki oksaidi, kemikali inayoulegeza mshipa na kuutanua. Kwa sababu hiyo, watoto wanaomkataza mama yao hata kufagia uwanja kwa kuwa "ana presha" wanamdhuru kwa mapenzi yao: mapaja hunywea, na baada ya muda hainuki kitini bila kushikwa mkono.

Nifanye mazoezi gani?

Tembea kwa mwendo wa haraka jumla ya dakika 150 kwa wiki, na angalau siku 2 uinuke na kuketi kitini mara kadhaa bila kujishikilia, au usukume ukuta kwa mikono. Usibane pumzi unapoinua ndoo ya maji, kwani kufanya hivyo hupandisha shinikizo papo hapo. Aliyepimwa 180/110 au zaidi amwone daktari kabla ya kuanza.

Mkono umelegea ghafla upande mmoja. Je, nichuliwe kwanza?

Hapana. Tunaendelea kuwapokea wagonjwa siku ya pili au ya tatu, mkono unang'aa mafuta ya kuchua, mdomo umekwenda upande, na ndugu wanaeleza kwamba "mshipa ulishtuka" au kwamba alipigwa na upepo mbaya. Tatizo haliko mkononi. Mshipa wa damu katika ubongo umeziba au umepasuka, yaani ni kiharusi, na hakuna mafuta yanayofika huko. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya ubongo, na saa hizo ndizo zinazomalizikia kwa mchuaji.

Basi nimpe aspirini wakati tunatafuta gari?

Usimpe, kwa sababu kama mshipa umepasuka, aspirini itazidisha kuvuja kwa damu. Usimpe hata maji wala uji, kwani huenda akapaliwa. Kumbuka saa dalili zilipoanza, umpeleke hospitali moja kwa moja.

Je, kama nguvu zimerudi baada ya dakika 10?

Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hilo nalo tumelisema mpaka tumechoka: mkono uliolegea ukapona wenyewe haukuwa uchovu wa kulima, na kiharusi kamili kinaweza kufuata ndani ya siku chache.

Na udhaifu wa mwili mzima uliokuja polepole?

Baadhi ya dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo hupunguza potasiamu mwilini, na misuli hukosa nguvu. Usiziache kwa uamuzi wako. Rudi kliniki na dawa zako zote mkononi upimwe damu, na daktari ndiye atakayezibadilisha.