Je, wajua kwa nini Los Angeles husubiri tajiri auze jumba ndipo imkate pesa za kusaidia wazee?

Tangu tarehe 1 Aprili 2023, anayeuza nyumba ya zaidi ya dola milioni 5 katika jiji la Los Angeles, Marekani, hukatwa asilimia 4 ya bei. Ikifika milioni 10, makato ni asilimia 5.5. Viwango hivyo vya bei husogezwa juu kila Julai kufuata mfumuko wa bei. Pesa hujenga nyumba za bei nafuu na kuwanusuru wapangaji wasitimuliwe, na lipo fungu la wazee na watu wenye ulemavu wanaoelemewa na pango.

Lakini matajiri wapo mwaka mzima. Kwa nini wangojwe mpaka siku ya kuuza?

Jibu linaanzia 1978. Mwaka huo wapigakura wa California walipitisha Proposition 13: ushuru wa nyumba wa kila mwaka usizidi asilimia 1 ya thamani yake, na thamani hiyo isipandishwe vitabuni zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba ibadilishe mmiliki. Aliyenunua mwaka 1980 bado anatozwa kwa hesabu inayoanzia bei ya enzi hizo, hata kama jumba sasa ni la mamilioni. Hoja mojawapo iliyovuma wakati ule ilikuwa kuwakinga wazee wasinyang'anywe nyumba kwa kushindwa kulipa ushuru. Wazee wenye nyumba walipata kinga. Wazee wapangaji, ambao pensheni yao haikimbizani na pango, hawakupata kitu.

Ushuru wa kila mwaka ukiwa umefungwa, siku ya mauzo ndiyo nafasi iliyobaki. Hapo napo kuna ujanja wa kisheria. Baraza la jiji likipendekeza ushuru wenye kazi maalumu, zinahitajika kura theluthi mbili. Wananchi wakiuleta wenyewe kwa kukusanya saini, mahakama zimesema wingi wa kawaida unatosha. Vyama vya wafanyakazi na watetezi wa wapangaji wakakusanya saini, na Novemba 2022 hoja ikapita kwa zaidi ya asilimia 57. Ingeletwa na baraza, ingeanguka.

Watu huuita ushuru wa majumba ya kifahari, jina ambalo linapotosha kidogo, kwani maduka, maghala na maghorofa ya kupangisha nayo yamo. Makali yake yako kwenye mpaka. Ulipoanza, aliyeuza kwa dola 4,990,000 hakuguswa; aliyeuza kwa 5,010,000 alidaiwa 200,400, kwa sababu asilimia hukatwa kwenye bei yote, si kwenye ziada tu. Tena hulipwa hata kama muuzaji amepata hasara.

Ndiyo maana Machi 2023 wenye majumba walikimbizana kufunga mauzo, kisha soko la juu likapoa. Riba za mikopo zilichangia, lakini si peke yake. Makadirio ya awali yalizungumzia dola milioni 600 hadi bilioni 1.1 kwa mwaka. Miaka ya mwanzo ilileta pungufu sana, na kesi mahakamani zikalifanya jiji lisite kutumia hata kilichopatikana. Watafiti wa chuo kikuu cha UCLA wameonya pia kwamba wajenzi wa maghorofa mapya wanaoshindwa kuyauza kwa faida wataacha kuyajenga, na wapangaji, wazee wakiwemo, wanayahitaji hayo hayo maghorofa.