Chipu ya Kuongeza Nguvu ya Gari na Waya wa Sensa: Dhana Potofu na Ukweli

Chipu nyingi za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni kwa ahadi ya kuongeza nguvu ya injini ni rezista tu (kifaa kidogo kinachozuia mkondo wa umeme) iliyofichwa ndani ya kiboksi cha plastiki, nayo hukusudiwa kuungwa kwenye waya wa sensa inayopima joto la hewa inayoingia kwenye injini. Karatasi ya maelekezo, ikiwapo, haisemi waya huo uko wapi. Mfano mzuri ni injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox, Corolla na Vitz nyingi zinazotembea Afrika Mashariki.

Dhana ya kwanza ni kwamba sensa hiyo lazima iwe kifaa cha peke yake chenye nyaya mbili. Katika baadhi ya magari ni hivyo, lakini kwenye 1NZ-FE kwa kawaida imo ndani ya sensa ya wingi wa hewa, karibu na boksi la filta, yenye soketi ya nyaya tano. Anayetafuta nyaya mbili kwa pupa huishia kwenye sensa ya joto la maji ya injini, akaifanya kompyuta ya injini iamini kuwa injini bado ni baridi na kumwaga petroli kupita kiasi.

Wengine huamini kwamba rangi inatosha. Rangi hubadilika kwa modeli na mwaka wa gari, na gari lililowahi kufanyiwa kazi ya umeme huweza kuwa na waya wa rangi yoyote ile. Kinachotambulisha waya ni alama ya pini na kipimo. Kwenye soketi hiyo ya Toyota alama ni +B, E2G, VG, THA na E2, na ishara ya joto la hewa hupita THA kurudi E2. Chomoa soketi, washa swichi bila kuwasha injini, kisha pima upande wa nyaya zinazotoka kwenye kompyuta: +B itaonyesha umeme wa betri, na THA itaonyesha takriban volti 5. Rudisha soketi, ingiza pini nyembamba ya kupimia kwa nyuma ya soketi, kando ya waya huo wa THA, bila kuutoboa, halafu puliza sensa kwa mashine ya kukaushia nywele. Volti zikishuka taratibu kadiri joto linavyopanda, ndio wenyewe. Tumia multimita ya dijitali, si testa ya balbu, kwa kuwa balbu huvuta mkondo ambao saketi ya kompyuta haikutengenezewa.

Si kweli pia kwamba namna yoyote ya kuunga italeta matokeo yaleyale. Ukinzani wa sensa hii, yaani kiasi inavyozuia umeme, hupungua joto linapopanda; kwenye nyuzi 20 huwa kati ya kilo-om 2.2 na 2.7. Rezista ikiungwa kwa mfululizo, kompyuta hudhani hewa ni baridi zaidi. Ikiungwa sambamba, hudhani ni ya moto zaidi.

Dhana nzito kuliko zote ni kwamba waya ukiwa sahihi, nguvu itapatikana. Kwa maoni yangu, hapa ndipo pesa hupotea. Katika injini hii wingi wa hewa tayari umepimwa kupitia VG, na katika uendeshaji wa kawaida sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi husahihisha petroli ili uwiano ubaki karibu na 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli. Kinachoweza kubadilika ni muda wa cheche, ambao kompyuta inaweza kuuwahisha kidogo. Injini ikianza kugonga, yaani petroli ikilipuka vibaya ndani ya silinda, kompyuta huurudisha nyuma kwa ishara ya sensa ya kugonga.

Kinachobaki ni kiungo kilichokatwa na kuzungushiwa tepu. Kikilegea, taa ya injini huwaka na msimbo wa hitilafu P0113, wa saketi ya joto la hewa, hujitokeza, na fundi asiyejua kuna chipu hapo huanza kwa kubadilisha sensa nzima.