Klachi ya mafuta ni nini, na kwa nini slevu mpya inakufa tena

Klachi ya mafuta maana yake kati ya mguu wako na gia boksi hakuna waya, kuna mafuta ya breki. Ukikanyaga pedeli unasukuma pistoni ya silinda ya juu, tunaiita masta, mafuta yanakimbia kwenye paipu na hozi mpaka silinda ya chini, yaani slevu, slevu inasukuma foku, yaani mkono wa chuma ulio ndani ya gia boksi, foku inasukuma beringi, beringi inabonyeza presha plati, ile sahani inayoikandamiza diski ya klachi, na diski inaachia injini. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo ulichosukuma juu lazima kitokee chini. Ukiona gia zinagoma kuingia au rivasi inasaga, kuna msukumo umepotelea njiani.

Sasa kwenye haya magari ya zamani ya porini kuna ugonjwa mmoja unachosha kweli: unabadilisha slevu, klachi inakuwa tamu, miezi miwili mbele pedeli imelala tena. Watu wengi hapo wanalaumu spea feki, na feki zipo sikatai, lakini ikikufia mara ya tatu ujue hiyo slevu ni mhanga tu, mkosaji amekaa pembeni anakuangalia.

Anza na kikopo cha mafuta kinacholisha masta. Mafuta yakipungua kuna mahali yanatoka nje: masta huwa inavujia ndani ya gari, pitisha kidole nyuma ya pedeli pale rodi inapoingia, rangi ya bodi ikiwa imebabuka umeshapata jibu, na slevu ukifunua ile raba ya vumbi utakuta imelowa. Mafuta yakiwa meusi ni raba za pistoni, zile zinazozuia mafuta yasipenye, zinaliwa ndani. Na usishangae mafuta yakiongezeka kidogo bila wewe kuongeza, diski ikiisha pistoni ya slevu inarudi nyuma na kuyapandisha juu, kwa hiyo usikijaze kikopo mpaka mdomoni.

Kama hayapungui kabisa na bado klachi inafeli, hapo ndo patamu. Simama sehemu tambarare, mbele kuwe wazi, injini inawaka, kanyaga klachi, weka gia namba moja, bakiza mguu hapohapo kama dakika moja huku mwingine uko tayari kwenye breki. Gari likianza kujivuta lenyewe polepole, mafuta yanapenya pembeni ya raba ya masta na kurudi juu, hayavuji popote ndo maana huoni kitu. Pedeli ikilala mara ya kwanza halafu ukipampu inashika, hiyo mara nyingi ni hewa iliyoingia kwenye mafuta. Ikiwa nzima asubuhi na inakufa gari likipata moto, angalia kama paipu au slevu iko karibu na bomba la moshi, mafuta ya zamani yameshanyonya unyevu wa hewani na yanachemka mapema. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155. Hozi nayo usiisahau, mtu akanyage pedeli wewe umeishika, ikituna kama koo la chura itupe.

Ila kinachofanya tatizo lirudi kwa kawaida ni mambo mengine. Kuna kubadilisha raba tupu ndani ya silinda iliyoliwa na kutu, pitisha ukucha ndani, ukikwama kwenye vishimo basi raba mpya itachanwa vilevile, na msasa hausaidii. Kuna mtu aliyewahi kuongeza oili ya injini au ya pawa stelingi kwenye kikopo, raba zote zimevimba, hapo unabadilisha kila raba na hozi na kuosha paipu. Kuna rodi ya masta iliyokazwa bila kuachiwa uchezo kidogo, mafuta yanashindwa kurudi na klachi inaanza kuteleza.

Halafu kuna foku, na hii ndo iliyonitesa mimi. Slevu tatu ndani ya mwaka mmoja, kila fundi ananiambia ya awali ilikuwa mbovu. Nilipolala chini mwenyewe mtu akakanyaga pedeli nikaona rodi ya slevu inatoka mbali mno, pistoni inafika karibu na mdomo wa silinda kule kwenye kutu na tope, inarudi na uchafu, raba inakatika. Gia boksi iliposhushwa tukakuta foku imetobolewa na ile gololi ambayo foku inaiegemea ikicheza, ugonjwa unaojulikana sana kwenye Land Rover Defender, kwa hiyo nusu ya msukumo ilikuwa inaishia kuikunja foku. Tukaweka foku iliyoongezewa bati pale kwenye gololi, na slevu ya nne ndo ipo mpaka leo.